Matundu ya Kofia

Uzi nilimzungusha
kipajini, nikashusha
kisogoni, nikapisha
kidole kimoja ndani.

Shee Bunu alicheka:
"Haitazidi miaka
miwili; utanivika
siku ya ndoa kichwani."

Fundi wa kuchonga mbao,
jeshi lamtoa kwao,
pasi bunduki na cheo,
hadi Bama, misituni.

Amu halikuja bomu:
vita vyetu vilidumu
kwa foleni na kwa zamu,
kimya, hapa Mkomani.

Nguo ikawa kwa kadi,
mwaka mzima ni yadi
mbili; na mwenye kuzidi
ni mwenye mkono ndani.

Bibi ana sanda yake:
siku ya siku ifike,
wapate tu wamzike.
Yanukia, i kashani.

Akaikata shibiri
mbili, akasema, "Heri
nyayo zikose sitiri
kuliko kichwa vitani."

Taa haina mafuta,
mwanga nikaufuata
darini hadi ukuta,
kisha kitako uani.

Kila tundu, ni sindano
inapita mara tano;
macho yana msonono
na damu i kidoleni.

Mchele wetu wa Bama
ghafla, vita, ukakoma;
muhogo juma kwa juma,
na chumvi tupu, chunguni.

Nikawaza: nchi ile
imetunyima mchele,
ikamtwaa na yule
wa uzi na wa moyoni.

Barua yake ikaja
baada ya kuingoja
miezi kumi na moja,
kwa herufi za chuoni.

Imetobolewa mote,
tundu saba, safi zote;
mwanga wapita popote
nikiishika juani.

Karani akanambia,
"Serikali hupitia
barua, na kuchambua
siri zilizomo ndani."

Nikaapiza mkasi,
mkono usiohisi;
kisha, kwa uzi mwepesi,
nikaiga kofiani.

Palipotoweka neno
nikalipa kwa mshono,
saba kwa saba, mfano
wa barua kipajini.

Bibi alipofariki,
sanda yake haifiki;
nikatoa yangu haki,
yadi mbili za dukani.

Arubaini na sita,
vimekwisha vile vita,
mtu hodi akaita
kwa sauti ya mgeni.

Nilimvika; yashuka,
nyusi ikazifunika.
Kichwa kimesawijika,
si kile cha kipimoni.

Nikatandaza barua:
"Mzungu alichotoa
hapa na hapa, wajua?
Ulikuwa wasemani?"

Akanyamaza kitambo,
akapapasa mapambo
kama asomaye fumbo,
tundu saba za mbeleni.

"Mwanate, si serikali.
Ni mimi. Wembe mkali.
Niliogopa ukweli
ukufikie nyumbani.

"Kazi yangu ni vibao
vya maiti; jina lao
nachonga, na mwaka wao,
nachomeka udongoni.

"Usiku, nikiandika,
kalamu ikaponyoka,
majina ikayaweka
saba, mwetu salamuni.

"Kazungu, Mulwa, Wekesa,
watatu watu wa Nyasa,
Okelo aliyenasa
usiku wote topeni.

"Nikasema: huyu mwana
na wafu hatajuana.
Nikawatoa kwa jina,
wakakaa mfukoni."

Vipande saba vya wino
vimo ndani ya mkono,
kila kimoja ni neno
lililotoka vitani.

Sikulia. Nikashika
uzi, nikavifutika,
upindo ukafunika;
ikamkaa kichwani.

Watu, siku ya harusi,
wakaisifu wepesi,
matundu, hewa, nafasi;
na saba wamo pindoni.